Je, wajua kwa nini Kilimanjaro unafikika kileleni kwa miguu, lakini Mlima Kenya haufikiki?

Kilimanjaro una mita 5,895, Mlima Kenya 5,199. Kwa hesabu ya haraka, aliyeuweza wa kwanza angeupanda wa pili huku akipiga mluzi. Mambo hayako hivyo. Kila mwaka maelfu ya watu wasiojua hata kufunga fundo la kamba hufika Uhuru, kilele cha Kibo, koni kuu ya Kilimanjaro, wakiwa na fimbo mbili na koti zito. Batian, ambacho ndicho kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, hufikiwa na wachache mno, na hao ni watu wa kamba, kofia ngumu na vidole vilivyozoea mwamba. Wengi wanaorudi mjini wakisema "nimepanda Mlima Kenya" wameishia Lenana, mita 4,985, kilele cha tatu. Si uongo, mlima wameupanda. Ni ncha tu ambayo hawakuigusa.

Sababu kubwa ni umri. Milima yote miwili ni volkano, lakini Mlima Kenya ni mzee kupita Kibo kwa mbali. Moto wake ulizimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na wanajiolojia wanakadiria kwamba enzi za ujana wake ulizidi mita 6,000. Kibo kiliendelea kumwaga lava mpaka miaka laki chache iliyopita, na hata leo ndani ya kasoko yake, yaani shimo la mdomo wa volkano, kuna matundu yanayotoa mvuke wenye harufu ya kiberiti. Kwa hiyo Kibo bado kina umbo lake la asili: koni kubwa yenye mteremko wa majivu na changarawe, na juu kuna ukingo mpana wa kasoko. Mteremko wa namna hiyo unachosha, unaudhi, kila hatua mbili unarudi nusu, lakini ni wa miguu. Ukifika ukingoni, iwe ni Gilman's Point kwa wanaotokea Marangu au Stella Point kwa wanaotokea Machame, kilichobaki ni kutembea taratibu ukizunguka ukingo hadi Uhuru. Tatizo lako pale ni pumzi, si mwamba.

Mlima Kenya hauna tena ukingo wa kuzunguka. Kasoko yake ilikwisha kuliwa. Moto wa volkano unapozimika, ujiuji uliobaki kooni hupoa polepole ukawa jiwe gumu sana, gumu kuliko majivu na tabaka za lava zinazolizunguka. Kisha mvua, barafu na miaka vikaanza kazi. Kile cha nje, kilicho laini, kikabebwa na maji. Koo likabaki limesimama peke yake, kama gunzi linalobaki punje zikishapukuchuliwa. Batian na Nelion, kilele cha pili chenye mita 5,188, ni sehemu ya koo hilo. Unapoziona ncha hizo mbili asubuhi ukiwa Nanyuki, unatazama matumbo ya mlima, maana ngozi yake ilishaondoka. Mjiolojia John Gregory, aliyefika kwenye barafu za juu mwaka 1893, alilitambua hilo mapema: huu ni mlima wa moto uliozeeka na kuchakaa.

Kinachouchakaza zaidi ni baridi ya kila usiku. Kwenye milima ya Ulaya maji huganda majira ya baridi na kuyeyuka yakiisha. Karibu na ikweta, kwa mwinuko huu, maji huganda karibu kila usiku na kuyeyuka kila mchana, mwaka mzima. Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, na yakiwa ndani ya ufa wa mwamba huusukuma kama kabari. Rudia hivyo kwa milenia nyingi utapata kuta zilizosimama wima na ncha kali.

Lakini barafu iliyouharibu mlima huu kwa mtembeaji ndiyo hiyo hiyo iliyomchongea njia. Zama za baridi kuu, mito ya barafu iliteremka kutoka kileleni hadi karibu mita 3,000, ikakwangua mabonde mapana yenye sakafu bapa. Njia zote tatu zinazotumika sana leo zinafuata mabonde hayo au kingo zake. Njia ya Naro Moru, upande wa magharibi, inaingia Bonde la Teleki. Ni fupi, lakini kabla ya bonde kuna kinamasi cha mteremko ambacho kimemeza buti nyingi, na ufupi wake unakupandisha juu kabla damu haijazoea hewa nyembamba. Njia ya Sirimon, kaskazini-magharibi, ni kavu zaidi na inapanda kwa upole: unalala Old Moses kwenye mita 3,300, kisha unafuata Bonde la Mackinder hadi kambi ya Shipton, mita 4,200. Chogoria, mashariki, ni ndefu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye mandhari bora kuliko zote: unatembea ukingoni mwa genge, chini yako Ziwa Michaelson, mimea ya lobelia mirefu kuliko mtu pande zote. Wajuzi wengi hupandia Sirimon na kushukia Chogoria, na sioni sababu ya kubishana nao.

Njia zote hizo zinaishia Lenana, kwa sababu Lenana iko kando ya zile kuta kuu na mgongo wake unapandika kwa miguu, ingawa karibu na ncha kuna mahali pa kushika mwamba kwa mikono. Toka hapo ukitazama magharibi, Nelion inakusimamia usoni kama mita 200 juu yako. Ni karibu kiasi cha kukutamanisha. Lakini kufika Batian ni kazi ya mwamba wa wima, urefu wa kamba baada ya urefu wa kamba, kama mara ishirini hivi, na anayepitia Nelion inambidi ashuke kwenye pengo la barafu liitwalo Lango la Ukungu kisha apande tena.

Historia inaonyesha ugumu huo vizuri kuliko maelezo. Kibo kilifikiwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889. Batian ilifikiwa miaka 10 baadaye, tarehe 13 Septemba 1899, na Halford Mackinder akiwa na wazoefu wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Ni yeye aliyevipa vilele majina ya wakuu wa kiroho wa Wamaasai: Mbatian, Nelieng na Olonana. Baada yao hakuna aliyekanyaga Batian kwa miaka 30, mpaka Eric Shipton na Percy Wyn-Harris mwaka 1929. Mwaka 1943 wafungwa watatu wa vita, Waitaliano, walitoroka kambi yao Nanyuki kwa ajili ya kupanda tu, ramani yao ikiwa pamoja na picha ya mlima iliyokuwa kwenye kopo la nyama. Batian iliwashinda. Wawili kati yao walipandisha bendera ya Italia Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini wakafungwa tena.

Hata bendera za uhuru zilifuata umbo la milima. Desemba 1961 Alexander Nyirenda aliweka Mwenge na bendera ya Tanganyika juu kabisa ya Kibo. Desemba 1963 Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya Lenana.

Mtu asidhani kwamba Kilimanjaro nzima ni ya fimbo. Mawenzi, ndugu mkubwa wa Kibo kwa umri, ina mita 5,149 na imeliwa vilevile kama Mlima Kenya, mwamba wake ukiwa mbovu zaidi, unaobomoka mkononi. Haikufikiwa kileleni mpaka 1912, na Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute, miaka 23 baada ya Kibo. Na Kibo chenyewe kimeanza kumegeka upande wa magharibi, kwenye pengo la Western Breach, ambako Januari 2006 mawe yaliyoporomoka yaliwaua wapandaji watatu.

Kwa anayeitaka Batian yenyewe, kuna jambo moja linalowachanganya wageni: msimu unategemea upande. Mlima umekaa karibu juu ya ikweta. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini hukauka wakati wa kusini umeshika theluji. Mwishoni mwa Desemba hadi mwanzoni mwa Machi mambo hugeuka, na waongozaji huwapeleka watu Nelion kwa upande wa kusini-mashariki. Wa Lenana hana haja ya hesabu hiyo. Akwepe masika na vuli, ajipe walau siku nne, na alfajiri ya kupanda aondoke kambini saa nane au saa tisa usiku, changarawe ikiwa bado imeganda.