Pembe ya Kalibu Si Pembe ya Kipande

Ukikandamiza bamba la nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa plastiki ya PEEK ndani ya kalibu ya chuma yenye pembe ya digrii 90 kamili, kipande kitatoka kikiwa kimejifunga kwa ndani, mara nyingi kwa digrii moja hivi. Fundi hana kosa. Nyuzi za kaboni karibu hazisinyai zinapopoa, kwa hiyo tao la nje na tao la ndani kwenye kona kila moja hubaki na urefu wake wa awali, ilhali unene, unaotegemea zaidi plastiki, hupungua. Na kwa kuwa mkunjo ni tofauti ya urefu wa matao hayo ikigawanywa kwa unene, unene ukipungua mkunjo hauna budi kuongezeka.

Kabla ya kufungua programu ya uigaji, yaani ya kompyuta inayokadiria jinsi kipande kitakavyopinda, huwa napiga hesabu hiyo kwa mkono. Tuchukulie kwamba bamba lenye nyuzi zilizopangwa pande zote husinyaa kwa sehemu 3 katika milioni kwa kila nyuzijoto moja kwenye ubapa, na sehemu 45 kwenye unene. PEEK hukakamaa ikishuka chini ya nyuzijoto 143; kutoka hapo hadi 23 ni 120, na tofauti ya 45 na 3, yaani 42 katika milioni, mara 120 mara digrii 90 ni karibu digrii 0.45.

Nusu nyingine iko wapi? PEEK huyeyuka kwenye nyuzijoto 343, na katika safari ya kushuka hadi 143 husinyaa kwa kasi kubwa zaidi kuliko chini ya hapo, huku fuwele zikijijenga ndani yake, zenye msongamano wa takribani gramu 1.40 kwa sentimita ya ujazo, dhidi ya 1.26 wa plastiki isiyo na fuwele. Uigaji unaofaa hufuatilia joto na kiasi cha fuwele kwa pamoja, kisha huamua ni wakati gani plastiki imeanza kubeba mkazo. Anayeingiza kipimo kimoja tu cha kusinyaa, kisha akailaumu kompyuta, anaionea bure.

Kipande chenye mibonyeo huhitaji zaidi: mielekeo ya nyuzi iliyopinda wakati wa kukandamizwa lazima ihamishwe kutoka kwenye uigaji wa ukandamizaji hadi ule wa kupoa.

Hapo ndipo kalibu hukatwa pembe yake ikiwa imepanuliwa kwa kiasi kilichokadiriwa. Baada ya hapo joto la kalibu lisiguswe, maana ukilishusha ili kuharakisha uzalishaji, fuwele hupungua na pembe hubadilika tena.