Eti simu haisaidii mpaka teja mwenyewe akubali?

Huku Tanga utasikia sana hii, kwamba kijana wenu akitumia unga basi kumpigia mshauri ni kumaliza bando bure mpaka yeye mwenyewe akubali kuacha. Sio kweli jamani. Simu ile ni ya mama kwanza, yule wa Makorora anayeficha masufuria yasiuzwe, hapati usingizi, na hataki majirani wajue (mtaani kwetu siri inakaa kweli?). Al-Anon ya Marekani inasaidia ndugu wa walevi tangu 1951, mlevi si lazima awepo, siku hizi wanakutana hadi kwa simu. Na kuna njia inaitwa CRAFT, ndugu anafundishwa aongee lini, sio kijana akiwa na arosto, amsifie akiwa mzima, aache kumlipia madeni, na wengi huishia kukubali tiba. Ila methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, haiji kwa simu, ile kwa kawaida anainywa kituoni mbele ya mhudumu.