Je, wajua kwa nini muuguzi mpya huchoka zaidi mwaka wa pili?

Wengi hudhani mwaka wa kwanza kazini ndio unaomchakaza muuguzi. Ann Rudman na Petter Gustavsson, waliowafuatilia wauguzi wapya wa Uswidi kwa miaka mitatu baada ya kuhitimu, waliona vingine. Ripoti yao ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba mwaka wa pili ndio ulioelekea kuwa mgumu zaidi, na karibu mmoja kati ya watano alifikia uchovu wa kazi wa kiwango cha juu mno wakati fulani katika miaka hiyo mitatu.

Mwaka wa kwanza una kinga yake. Mgeni haoni haya kuuliza, wakubwa humkagua, na zamu ikimlemea hujiambia, "Nitazoea." Akitimiza mwaka anahesabiwa mwenyeji. Anaachiwa wodi usiku, anapewa wagonjwa mahututi, pengine na wanafunzi wa kuwaelekeza. Hapo ndipo anapogundua kwamba yale aliyodhani ni ugeni tu, kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Kinachouma si wingi wa kazi peke yake. Chuoni alifundishwa kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo. Wodini kuna dripu za kubadilisha, dawa za saa sita, faili ambazo hazijajazwa. Anajua lililo sahihi na anakabidhi zamu bila kulifanya, leo na kesho tena.

Uchovu unaozaliwa hapo, usioisha kwa kulala, ndio mwanzo. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetunga na Susan Jackson kipimo cha hali hii mwaka 1981, anataja mengine mawili: kujitenga na wagonjwa, na kuhisi kwamba hufanikishi lolote kazini. Kujitenga ndiko tunakokuona sisi ndugu wa wagonjwa. Mama mgonjwa anageuka kuwa "kitanda namba saba", nasi tunasema nesi yule ana roho mbaya. Mara nyingi ni mtu anayejikinga asiumie zaidi.

Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake, waliochunguza hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani, walikuta kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa uchovu huu. Jimbo la California lina ukomo wa kisheria wa idadi ya wagonjwa kwa muuguzi, ulioanza kutumika mwaka 2004. Katika wodi za kawaida sasa ni wagonjwa watano kwa muuguzi mmoja. Kwetu, muuguzi mmoja kubeba wodi nzima zamu ya usiku si habari.