Feni nyingi chini ya laptopu si dawa ya joto

Wengi huamini kwamba laptopu ikichemka, dawa ni kununua kibao cha feni, na kadiri feni zinavyozidi ndivyo mashine inavyopoa. Si kweli. Joto halianzii kwenye plastiki ya chini, linaanzia kwenye prosesa, yaani chipu inayofanya kazi zote za hesabu za mashine, ambayo ikikaribia nyuzijoto 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kutoka hapo joto hupita kwenye pasta maalumu ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya prosesa, likafuata vibomba vya shaba hadi kwenye vibati vyembamba vilivyosongamana kama kurasa za kitabu, na feni ya ndani ndiyo inayolitoa nje.

Izime laptopu yako, igeuze uitazame. Matundu ya kuvutia hewa yakiwa chini, kibao kitasaidia kiasi. Chini pakiwa hapana matundu, kinapuliza plastiki tu.

Halafu vumbi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure: likishaganda kati ya vile vibati, hata feni sita za nje haziwezi kulipenya. Safisha kwanza! Kuinua upande wa nyuma sentimita 2 au 3 nako huipa hewa njia, bila feni yoyote ya ziada. Kitandani usiiweke kabisa, maana shuka huziba matundu hayohayo.