Surf inaondoka nzito? Usikimbilie kushusha gia boksi

Juzi nimeletewa Hilux Surf ya miaka ya 90, otomatiki, mwenyewe keshaambiwa gereji ya kwanza kwamba gia boksi imekufa atafute nyingine ya mtumba. Asubuhi inatembea freshi kabisa, ikishapata moto tu, ukisimama kwenye foleni kuondoka tena ni shughuli, utadhani imevuta tela, na taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, ile gia ya mwisho ya juu) inaanza kupepesa kwenye dashibodi. Mi nikisikia "ikipata moto" halafu "taa inapepesa" spana naweka pembeni nachukua mita ya umeme.

Kusoma kodi, yaani namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari imeihifadhi, kwa hizi za zamani hakuhitaji mashine. Fungua boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, unaunga matundu yake ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unaweka swichi ON bila kuwasha injini, na ile kitufe ya O/D isiwe OFF maana taa itawaka tu mfululizo utakaa hapo unahesabu hewa. Tundu angalia mara mbili jamani, ukikosea unachoma kitu. Ikapepesa sita, ikatulia, ikapepesa mbili. 62, njia ya umeme ya solenoidi namba 1, kile kivalvu cha umeme ndani ya gia boksi kinachobadilisha gia; kikikosa umeme gari linaondokea gia ya juu, ndo ule uzito.

Hapa ndo wateja wanapoliwa hela. Kodi imesema umeme wa njia ile haukai sawa, fundi anasikia "solenoidi" anafungua sampu, lile bakuli la mafuta chini ya gia boksi.

Mi nikachomoa soketi ya solenoidi nikaingia barabarani. A340, ndo gia boksi ya hii Surf, ikikosa umeme kabisa ukiweka lever D inakupa gia ya 4 tu, 2 inakupa ya 3, L inakupa ya 1. Ikawa hivyo hivyo, na kwenye L inavuta vizuri haitelezi. Boksi zima hilo.

Mita sasa. Pini ya namba 1 mpaka bodi ya gia boksi: ohm 13, na inatakiwa kati ya 11 na 15. Nikaingia ndani nikapima kutokea kwenye soketi ya kompyuta, 13 na nusu, nayo safi! Kijana wangu akasema bosi si tubadilishe tu. Nikamwambia shuka chini, shika ule waya uucheze polepole kuanzia kwenye gia boksi kupanda juu, mi macho kwenye mita, alipofika pale unapopita jirani na eksozi namba ikapotea, ikarudi, ikapotea. Ganda la nje halina hata mchubuko. Kulipasua, shaba imeshakuwa kijani, nyuzi mbili ndo zimeshikilia.

Na waya wa hivi ukiupima volti utakuongopea, utakuonyesha 12 zote, kwa sababu mita inavuta umeme kiduchu wakati solenoidi inataka karibu ampea 1. Ndo maana natembea na balbu ya wati 10 mfukoni, waya mbovu unashindwa kuiwasha vizuri.

Nimekata mpaka kwenye shaba safi, nikalehemu, nikavalisha mpira, nikaufunga mbali na eksozi, nikachomoa betri kidogo kufuta kodi. Mwenyewe kakaa nayo foleni ya jioni karibu saa nzima, taa kimya. Ila lile boksi la mtumba alishalilipia advansi, sasa hivi yuko huko anabembeleza arudishiwe.