Mama lishe, machinga na halmashauri kipindi cha mlipuko: tuliyoyaona Arusha wakati wa korona

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 na alikuwa hapa hapa kwetu Arusha, abiria aliyeshukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) akitokea Ubelgiji. Siku chache baadae ukipita soko la Kilombero au Soko Kuu kila mtu ana ndoo yenye koki, barakoa za kitambaa zinashonwa barazani, na watu wanaogopana kupeana chenji.

Sisi tunaofanya kazi ya afya ya jamii tulikuwa tunarudia maneno yale yale, kaa mbali, baki nyumbani, nawa mikono. Lakini mimi naona tuliongea sana kuhusu mikono tukasahau mfuko wa yule anayenawa. Chukulia mama anayeuza parachichi na ndizi, mtaji wake elfu 40, anaamka saa kumi alfajiri kwenda kufuata mzigo, jioni akibaki na elfu 8 hiyo ndo unga, nauli ya mtoto na marejesho ya vikoba. Akikaa nyumbani siku tano hajapoteza faida tu, anakuwa ameula mtaji wenyewe, na siku akirudi sokoni hana cha kuanzia, sasa hapo ndo anaenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kuumiza. Kwahiyo mtu anakohoa ana homa na bado anakuja mezani, na si kwamba ni mbishi au hajaelimika, hesabu ndo inamkatalia kulala.

Tanzania masoko hayakufungwa kama nchi nyingine, lakini Arusha tuliumia kwa mlango mwingine. Watalii waliokuja nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, mwaka 2020 wakashuka hadi 620,867. Mpagazi, dereva wa safari, dada wa hoteli, hao ndo wateja wa chipsi na mitumba, wakikosa mshahara machinga anakosa mauzo, halafu wengine wao wakaja nao kupanga nguo chini. Wauzaji wanaongezeka, wanunuzi wanapungua.

Sasa upande wa serikali za mitaa. Ndoo zilikuja, hilo niseme ukweli, lakini nilishuhudia soko moja ndoo ziko getini wiki mbili za mwanzo zina maji na sabuni, baada ya hapo koki imekatika na hakuna anayejua nani anajaza. Afisa afya anasema ni kazi ya kamati ya soko, kamati inasema ushuru tunalipa kila siku kwanini tena tuchange maji. Sehemu ambayo wafanyabiashara wenyewe walipanga zamu, leo mstari wa nyanya kesho mstari wa dagaa, na halmashauri ikabaki na bili ya maji tu, ndoo zilidumu. Mgambo hajazi ndoo jamani, na mtu unayemkimbiza asubuhi na meza yake hawezi kukusikiliza mchana ukimwelekeza afya.

Jambo jingine ni kujulikana. Vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo chini ya milioni 4 kwa mwaka, watu waliviona kama kodi tu, ila faida yake kubwa kwangu mimi ni orodha, maana likija janga halmashauri isiyojua nani anauza wapi haina namna ya kumfikia.

Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatenga kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, mikopo yake haina riba. Ilisitishwa 2023 ikarudi 2024. Msisubiri ugonjwa uingie ndo mtafute katiba ya kikundi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata sasa hivi mkiwa wazima, muulize taratibu, mfungue akaunti, manake kusajili kikundi kunachukua muda na njaa haisubiri.

Marburg, ule ugonjwa wa virusi wa homa kali na kutoka damu, imeshapita Kagera mara mbili, 2023 na 2025, na kipindupindu tunakijua. Ukiona mwenzio wa meza ya jirani ana homa kali na anatoka damu, au anahara na kutapika mfululizo, usimfiche kwa kuogopa wateja watakimbia, usimshike mikono mitupu, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure, na meza yake mkubaliane nani amuuzie mzigo usioze wakati yeye anatibiwa.