Kioo Kimebaki Baridi, Fremu Inafuka Moshi

Mistari ile tuliiona wote, na wote tuliielewa vibaya. Ilikuwa nyumbani kwa mama mdogo, Ngamiani, hapa Tanga, kwenye fremu ya mbao ya dirisha la chumbani linalotazama mashariki: michirizi mitatu myeusi, myembamba, imeteremka mshazari kana kwamba mtu amepitisha msumari wa moto. Lawama ilimwangukia mjukuu wa miaka tisa, kwamba anachezea viberiti. Alikana, akalia, hakuna aliyemsikiliza. Siku chache baadaye, yapata saa mbili asubuhi, mama mdogo yuko uani na vitumbua vyake, nikapita chumbani nikaona uzi wa moshi unapanda kutoka kwenye fremu. Mtoto alikuwa shule. Juu ya meza palikuwa na kioo cha kupakia wanja, kile cha duara chenye pande mbili, na upande unaokuza sura ulikuwa umelielekea dirisha.

Tangu siku ile nimesikia maelezo mengi kuhusu jua na kioo, na mengi yana kasoro. Nayaandika hapa kwa sababu nyumba zetu zina pazia, mikeka ya ukindu, magodoro ya sponji na makuti, na moto hauhitaji zaidi ya hapo.

Dhana: "Kama kioo ndicho kilichochoma, mbona chenyewe ni baridi?"

Hilo ndilo neno la kwanza la mama mdogo. Alikishika kioo, akakikuta cha kawaida kabisa, akanirudishia. Lakini kioo hakihitaji kupata moto. Kazi yake ni kuikusanya miale na kuituma mahali pengine. Jua la utosini, anga likiwa safi, humwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Kioo chenye upana wa sentimita 15 hupokea kama wati 18 tu za jua hilo, na asubuhi hupungua. Si nyingi. Tatizo ni kwamba kioo kilichobonyea huzibana zote kwenye nukta yenye ukubwa wa punje ya choroko, na kwenye punje hiyo mwanga huwa umekolea zaidi ya mara elfu. Karatasi hushika moto kwenye nyuzi joto 230 hivi. Kwa hiyo kupapasa kioo si kipimo. Kipimo ni kutazama mbele yake au nyuma yake, ukatafute nukta kali ya mwanga imetua juu ya nini.

Na kwa nini ilikuwa mistari, isiwe tundu moja? Jua husogea angani kiasi cha upana wake lenyewe kila baada ya dakika mbili hivi, na nukta husogea nalo. Kwenye kioo cha mama mdogo, jua lilipopanda, nukta iliteremka. Tulikaa tukaitazama pamoja, ikitambaa polepole kama siafu na kuacha weusi nyuma yake. Tabia hii ina historia ndefu. Mwaka 1853 Mskoti John Francis Campbell alijaza maji kwenye tufe la kioo, akaliweka ndani ya bakuli la mbao na kuliacha nje, jua likaichoma mbao kadiri lilivyosafiri. Mwaka 1879 George Gabriel Stokes akaliboresha wazo hilo kwa kuweka kadi yenye alama za saa. Kifaa hicho kilienea kwenye vituo vya hali ya hewa duniani: urefu wa mchirizi ulioungua ndio saa za jua za siku hiyo. Fremu ya Ngamiani ilikuwa imeandika kumbukumbu ileile kwa asubuhi tatu, nasi tukamgombeza mtoto. Aliombwa radhi jioni ileile, mbele ya wote waliomlaumu.

Dhana: "Kioo ni kioo, chochote chaweza kuunguza."

Hapa lugha yetu yenyewe inatuchanganya kidogo, maana tunasema kioo kwa cha dirisha, kioo kwa cha kujitazamia, na glasi ya kunywea nayo tunasema imetengenezwa kwa kioo. Kwa jua, hivi ni vitu tofauti kabisa. Kioo bapa cha dirisha hupitisha miale bila kuikusanya. Kioo bapa cha ukutani huirudisha vilevile ilivyokuja. Hatari iko kwenye umbo: kilichobonyea kama sahani na kinang'aa, au kilichonenepa katikati, au tufe. Njia rahisi ya kukitambua ni hii: kikikuza uso wako au maandishi, kinaweza kukusanya jua. Kioo cha kunyolea ndevu kinachokuza kimo humo. Bakuli la chuma lisiloshika kutu, ndani likiwa limeng'arishwa, nalo limo, ingawa halina hata chembe ya kioo. Mwenge wa Olimpiki huwashwa kule Ugiriki kwa jua na chombo cha kung'aa kilichobonyea, bila kiberiti.

Miwani nayo hugawanyika. Ya kusomea ya wazee wetu hukusanya miale, japo kwa unyonge kuliko kioo cha kukuza. Ya mtu asiyeona mbali huitawanya, kwa hiyo haiwezi kuwasha kitu hata ukaisimamia kutwa.

Dhana: "Vipande vya chupa ndivyo vinavyochoma mashamba."

Hii nimeisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na inaaminika hata huko Ulaya. Lakini okota kipande cha chupa ukitazame: unene wake ni karibu sawa pande zote, upinde wa nje unalingana na upinde wa ndani, kwa hiyo miale hupita na kuendelea na safari yake. Kitako kinene cha chupa kinaweza kukusanya kidogo, ila kinahitaji kilale kwa pembe sahihi, umbali sahihi, na majani makavu yawe papo hapo. Moto wa shambani una washukiwa wa karibu zaidi: anayesafisha shamba kwa moto upepo ukamzidi, mrina asali, mchoma mkaa, kipisi cha sigara. Chupa iokotwe kwa sababu inakata miguu ya watoto. Hiyo inatosha.

Dhana: "Kina maji ndani, hakiwezi kuwasha moto."

Hii naiogopa kuliko zote, kwa kuwa inafanana sana na akili ya kawaida. Maji humwagiwa moto, maji hayawashi moto. Kumbe chupa tupu ndiyo salama, na ukiijaza maji safi unaigeuza kuwa lenzi, yaani kitu cha kukusanya miale. Bakuli la samaki la mviringo lenye upana wa sentimita 20 hukusanya jua kwenye umbali usiozidi sentimita 10 nyuma ya ukuta wake, yaani palepale ilipo pazia. Tufe la Campbell lilikuwa la maji, kumbuka.

Chupa ya plastiki nayo imo. Mwili wake ulionyooka hutoa mstari hafifu wa mwanga, bali bega lake la mviringo ndilo hukaza miale. Mwaka 2017 mfanyakazi wa kampuni ya umeme ya jimbo la Idaho, Marekani, aliona moshi ndani ya gari lake: chupa ya maji ya kunywa ilikuwa imeacha alama za kuungua kwenye kiti. Kwetu wapo wanaoanika chupa za maji juani kwa saa 6 ili kuua vijidudu, na njia hiyo ni nzuri, imethibitishwa. Ziwekwe juu ya bati au sakafu ya saruji. Juu ya paa la makuti, au kwenye mkeka, au juu ya rundo la nyuzi za katani, hapana.

Dhana: "Ni hatari ya kiangazi tu."

Joto la hewa halina kazi kubwa hapa. Kinachotakiwa ni anga safi na jua linaloingia moja kwa moja. Zimamoto wa London wametoa onyo hili mara nyingi, na huko hata majira ya baridi huleta matukio, kwa kuwa jua la chini huingia hadi ndani ya vyumba. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi na haliingii sana dirishani. Dirisha la mashariki lina zamu yake asubuhi, la magharibi baada ya alasiri. Katikati ya mchana, hatari iko uani na barazani.

Dhana: "Matone ya maji huunguza majani ya mchicha mchana." Kwenye jani laini tone hulala bapa, na miale hukutana chini ya jani. Watafiti wa Hungaria walilipima hili na kulichapisha mwaka 2010. Ni majani yenye manyoya tu, yanayoliinua tone juu, yaliyoonekana kuungua.

Dhana: "Moto usio na chanzo umewashwa na majini."

Imani ya mtu siigusi. Ila kabla ya kumtafuta mganga, na kabla ya kumnyooshea kidole jirani mzee, itafute michirizi. Alama nyembamba iliyopinda au kuteremka, kwenye mbao au kitambaa, inayoonekana mahali penye jua la saa ileile kila siku, ina jibu lake mezani. Na kinyume chake ni kweli pia: moto uliozuka usiku kwa kawaida haukuletwa na kioo. Nyaya zilizochakaa, mshumaa, koroboi na jiko la mkaa bado ndivyo vya kuchunguzwa kwanza.

Kioo cha mama mdogo sasa hulala kifudifudi kikishatumika, au hufunikwa kanga. Bakuli la samaki la jirani yake limehamishwa hadi kwenye kona isiyopata jua. Ukikuta moshi, weka kivuli kwanza, hata kwa mwili wako, kati ya jua na hicho kioo, kisha lowesha palipoungua, kwa maana mbao na sponji huendelea kufukuta ndani hata nukta ikishaondoka. Moto ukishapanda kwenye pazia, toa watu nje na upige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.